Jerry Siegel: Mhariri wa jarida la shuleni aliyemuuza Superman kwa dola 130

NI wachache mno wasiomjua Superman, yule shujaa wa katuni na filamu mwenye joho jekundu mabegani na herufi S kifuani. Watoto humwigiza kwa kujifunga leso shingoni na kurukaruka uani, nao watu wazima hulitaja jina lake wanapomfanyia mzaha mtu anayejidai kuwa na nguvu nyingi.

Hata hivyo, ukiwauliza watu hao ni nani aliyembuni shujaa huyo, wengi watabaki wakitazamana. Kwa muda wa miaka mingi hata vitabu vyenyewe vya Superman havikulitaja jina la mtunzi wake.

Mtunzi huyo alikuwa Jerry Siegel, Mmarekani aliyefariki mnamo 1996 akiwa na umri wa miaka 81. Kabla ya kuandika katuni, Siegel alikuwa mhariri na mchapishaji wa jarida dogo la hadithi za kubuni za kisayansi, alilolitoa mwenyewe angali mwanafunzi wa shule ya upili.

Katika jarida hilo lililochapwa kwa taipureta na kurudufishwa kwa mashine ya shule, ndimo alimolitumia jina la Superman kwa mara ya kwanza, Januari 1933. Wakati huo kila neno lililokuwa humo lilikuwa mali yake. Miaka mitano baadaye alitia sahihi karatasi moja, na mali hiyo ikamtoka mikononi asiipate tena hadi kaburini.

MTOTO WA DUKA LA MITUMBA

Jerome Siegel, ambaye wote walimwita Jerry, alizaliwa Oktoba 17, 1914 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Lithuania, wakati huo ikiwa chini ya himaya ya Urusi, wakitafuta maisha bora Marekani.

Baba yake, Michel Siegel, alikuwa mshonaji nguo. Alifungua duka la kuuza nguo za wanaume, zikiwemo za mitumba, na kwa jasho hilo akailea familia yake. Baadaye familia ilihamia mtaa wa Glenville, uliokuwa na wakazi wengi Wayahudi, na Jerry akajiunga na Shule ya Upili ya Glenville.

Darasani hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alikuwa mpole, mwenye haya, asiyeng'ara michezoni na asiyethubutu kuwasemesha wasichana aliowapenda. Faraja yake aliipata katika kusoma.

Hakusoma vitabu vya shule pekee. Alipenda yale majarida ya bei nafuu yaliyochapishwa kwa karatasi hafifu na kujaa hadithi za wapelelezi, majambazi, safari za angani na viumbe wa sayari nyingine.

Jarida lililouteka moyo wake zaidi lilikuwa Amazing Stories, lililoanzishwa Aprili 1926 na Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyeishi New York. Hilo ndilo lililokuwa jarida la kwanza la Kiingereza lililotengwa kwa hadithi za kisayansi pekee.

Gernsback alifanya jambo moja dogo lililokuwa na athari kubwa. Katika ukurasa wa barua za wasomaji, alichapisha majina ya waandishi wa barua hizo pamoja na anwani zao kamili. Vijana waliodhani kwamba ni wao tu waliopenda hadithi za aina hiyo wakagundua kwamba walikuwa na wenzao katika miji mingine, wakaanza kuandikiana.

Barua zilizaa vyama, navyo vyama vikazaa majarida madogo. Mnamo Mei 1930 chama kimoja cha waandikiani wa Chicago kilitoa jarida lililoitwa The Comet, ambalo wanahistoria wengi hulitambua kuwa la kwanza kutolewa na mashabiki wa hadithi za kisayansi.

Siegel naye hakuwa nyuma. Inasemekana kwamba mnamo 1929, akiwa na umri wa miaka 14 au 15, alitoa kijarida alichokiita Cosmic Stories, akikipiga chapa mwenyewe kwa taipureta na kuwatumia wasomaji kwa posta. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti humhesabu miongoni mwa waasisi wa kazi hiyo.

JARIDA LA VIJANA WAWILI

Katika shule ya Glenville, Siegel aliandikia gazeti la wanafunzi lililoitwa The Torch. Humo alibuni mhusika wa kuchekesha aitwaye Goober the Mighty, aliyemwigiza Tarzan kwa dhihaka. Wanafunzi walicheka, naye akatambua kwamba kalamu ingeweza kumpa sauti ambayo kinywa chake kilishindwa kumpa.

Hapo shuleni ndipo alipokutana na Joe Shuster. Shuster alikuwa mzaliwa wa Toronto nchini Kanada, aliyehamia Cleveland na wazazi wake akiwa mtoto. Naye pia alikuwa Myahudi, mwenye haya na miwani mizito, na alipenda hadithi zile zile. Tofauti yao ilikuwa kwamba Siegel aliandika na Shuster alichora.

Urafiki wao ulikuwa wa chanda na pete. Familia ya Shuster ilikuwa fukara kuliko ya Siegel, na husimuliwa kwamba kijana huyo alichora hata kwenye karatasi za kufungia bidhaa, na kwamba wakati wa baridi kali alivaa sweta kadhaa akiwa ndani ya nyumba kwa kukosa makaa ya kutosha.

Mnamo Juni 2, 1932, msiba uliingia katika nyumba ya akina Siegel. Wezi walifika katika duka la Michel Siegel jioni, na katika purukushani hiyo mzee huyo akaanguka na kufariki kwa mshtuko wa moyo. Jerry alikuwa na umri wa miaka 17.

Wakati huo Marekani ilikuwa katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Viwanda vilifungwa, mamilioni ya watu wakakosa kazi na wengi walipanga foleni mitaani kupewa mkate wa msaada. Familia iliyofiwa na mtafutaji wake wakati kama huo ilikuwa na kila sababu ya kukata tamaa.

Miezi minne baadaye, Oktoba 1932, Siegel alitoa toleo la kwanza la jarida lake jipya. Aliliita Science Fiction na kuliongezea maelezo kwamba lilikuwa mtangulizi wa ustaarabu wa siku za usoni. Siegel alikuwa mmiliki, mhariri, mwandishi na mtumaji. Shuster alisimamia michoro.

Wasomaji waliosoma katika shule zetu kabla ya kompyuta kuenea watakumbuka mitihani iliyochapwa kwa stensili. Kazi ya Siegel ilikuwa ya aina hiyo hiyo. Maandishi yalipigwa kwa taipureta juu ya karatasi yenye nta, herufi zikaitoboa nta hiyo, kisha karatasi ikawekwa kwenye mashine ya kurudufu. Wino ulipenya katika matundu ya herufi na kuangukia karatasi nyeupe, nakala moja baada ya nyingine.

Michoro ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwani ilibidi ikwaruzwe moja kwa moja kwenye stensili kwa kalamu ya chuma. Mkono ukiteleza, karatasi nzima ilikuwa imeharibika. Baada ya hapo kulikuwa na kupanga kurasa, kuzibana, kuandika anwani na kununua stempu.

Siegel alijaza kurasa nyingi kwa hadithi zake mwenyewe, akitumia majina ya bandia ili msomaji adhani kwamba jarida lilikuwa na kundi zima la waandishi. Aliwaalika pia wengine. Clare Winger Harris, mmoja wa wanawake wa kwanza kuandikia majarida ya hadithi za kisayansi Marekani kwa kutumia jina lake halisi, alimpa hadithi iliyotokea katika jarida hilo mnamo 1933.

Jarida lilitolewa mara tano tu, kisha likafa. Halikumpa faida ya kifedha, na nakala zake zilikuwa chache. Hata hivyo, toleo la tatu lilikuwa na hadithi moja ambayo ingebadilisha maisha yake.

SUPERMAN WA KWANZA ALIKUWA MWOVU

Hadithi hiyo ya Januari 1933 ilihusu utawala wa mtu mwenye nguvu kupita binadamu. Siegel aliitia jina la bandia la Herbert S. Fine. Fine lilikuwa jina la ukoo wa mama yake. Shuster aliichorea picha.

Superman huyo wa kwanza hakuwa shujaa hata kidogo. Alikuwa maskini asiye na kazi, aliyeokotwa na mwanasayansi katika foleni ya mkate. Mwanasayansi huyo alimpa dawa iliyotokana na jiwe lililoanguka kutoka angani. Dawa ilimpa uwezo wa kusoma mawazo ya watu na kuwatawala, naye akamuua aliyempa na kupania kuitawala dunia.

Lakini nguvu zile zilikuwa za muda tu. Zilipomwishia, yule mtu alijikuta amerudi alikotoka, katika foleni ya mkate, akijutia kwamba angeweza kuwafaa wanadamu lakini hakufanya hivyo.

Katika mwaka huo huo Siegel alianza kumfikiria upya mhusika wake. Aliona kwamba Superman angekuwa na mvuto zaidi kama angekuwa mtetezi wa wanyonge. Baadhi ya wanahistoria wamehusisha mabadiliko hayo na kifo cha baba yake, wakidai kwamba kijana aliyempoteza mzazi mikononi mwa wezi alijitungia mtu ambaye hakuna mwizi angeweza kumdhuru. Siegel mwenyewe hakupenda kulizungumzia jambo hilo hadharani.

Hatua kwa hatua sura tunayoijua ikapatikana. Superman akawa mtoto kutoka sayari ya Krypton iliyolipuka, aliyetumwa duniani kwa chombo cha angani. Alilelewa na watu wema, akakua na kuwa mwanahabari mnyenyekevu, Clark Kent, mwenye miwani na haya, anayempenda mwanahabari mwenzake Lois Lane, ambaye naye hana habari naye.

Aliyemfahamu Siegel hakuhitaji kuambiwa Clark Kent alitoka wapi.

HUNDI YA DOLA 130

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na vijana hao wawili waliinama sana. Mchapishaji mmoja aliyeonyesha dalili za kuikubali katuni yao mnamo 1933 alibadili nia. Kwa uchungu Shuster alizitia kurasa zote motoni, na inasimuliwa kwamba ni jalada pekee ambalo Siegel aliwahi kuliokoa.

Walimaliza shule mnamo 1934 na kuendelea kutuma kazi yao kwa mashirika yaliyosambaza katuni magazetini. Yote yaliwakatalia. Wengine waliona kazi hiyo haijakomaa, wengine wakaona ni ndoto zisizoaminika.

Mnamo 1935 walianza kupata vibarua katika kampuni changa ya vitabu vya katuni ya Meja Malcolm Wheeler-Nicholson mjini New York. Waliandika na kuchora hadithi nyingine, huku Superman akikaa kabatini. Kampuni hiyo ilipozama katika madeni, iliangukia mikononi mwa Harry Donenfeld na mhasibu wake, Jack Liebowitz. Hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana kama DC Comics.

Mapema mwaka wa 1938 kampuni hiyo ilikuwa ikitafuta hadithi za kujaza kitabu kipya cha Action Comics. Mhariri wake, Vin Sullivan, aliletewa kurasa za Superman zilizokuwa zimekataliwa kila mahali, akazipenda. Siegel na Shuster walitakiwa wazikate na kuzipanga upya ziwe kurasa 13.

Malipo yalikuwa dola 10 kwa ukurasa, yaani jumla ya dola 130 kwa wote wawili. Pamoja na hundi ilikuja hati ya kutia sahihi. Mnamo Machi 1, 1938 walitia sahihi, na kwa maneno machache ya hati hiyo walikabidhi kampuni haki zote za mhusika wao, daima dawamu.

Msomaji wa leo anaweza kuwashangaa. Lakini walikuwa vijana wa miaka 23 waliochoshwa na miaka mitano ya kukataliwa, na huo ndio uliokuwa utaratibu wa biashara ya katuni siku hizo. Hakuna aliyejua thamani ya kilichokuwa kikiuzwa, hata mnunuzi mwenyewe.

Action Comics toleo la kwanza lilifika madukani Aprili 1938, bei ikiwa senti 10. Kabla ya mwaka mmoja kupita, Superman alikuwa katika magazeti ya kila siku. Mnamo 1939 alipewa kitabu chake mwenyewe, mnamo 1940 akaingia redioni na mnamo 1941 katika filamu za vibonzo.

Haki isemwe, Siegel na Shuster hawakuachwa mikono mitupu. Waliajiriwa kuendelea kuandika na kuchora, na kwa miaka kadhaa walipata kipato kizuri kuliko wenzao wengi. Walinunua nyumba na kuandikwa magazetini. Lakini walicholipwa kilikuwa chembe tu ya fedha zilizoingia, na walilijua hilo.

KUTOKA MAHAKAMANI HADI SAHAULIKONI

Siegel aliwahi kuipendekezea kampuni hiyo hadithi za Superman akiwa mtoto. Pendekezo hilo lilikataliwa. Mnamo 1943 aliitwa jeshini na kupelekwa Hawaii, ambako aliandikia gazeti la wanajeshi. Akiwa huko alipata habari kwamba kampuni ilikuwa imeanza kuchapisha hadithi za Superboy bila idhini yake na bila kumlipa.

Aliporejea kutoka jeshini, yeye na Shuster walikwenda mahakamani katika jimbo la New York mnamo 1947. Waliomba hati ya 1938 ibatilishwe. Uamuzi uliotolewa mwaka huo ulisema kwamba Superman alikuwa mali halali ya kampuni, lakini Superboy alikuwa wa Siegel.

Kesi ilimalizwa kwa mapatano mnamo 1948. Kampuni ililipa takriban dola 94,000, nao wawili hao wakaachilia madai yote, yakiwemo ya Superboy. Walipoteza pia kazi zao. Majina yao, yaliyokuwa yakitokea katika kila hadithi ya Superman, yakafutwa.

Ndoa ya kwanza ya Siegel ilivunjika mwaka huo huo. Alimwoa Joanne Kovacs, ambaye miaka mingi nyuma, akiwa msichana, aliwahi kukaa mbele ya Shuster ili achorwe kama Lois Lane. Joanne alikuwa nguzo yake hadi mwisho.

Siegel na Shuster walijaribu kuanza upya kwa mhusika wa kuchekesha aliyeitwa Funnyman, lakini kitabu hicho kilikufa baada ya matoleo sita. Maji yalizidi unga. Macho ya Shuster, yaliyokuwa dhaifu tangu utotoni, yalizidi kuharibika, naye Siegel akawa wa kubahatisha kazi huku na kule.

Mnamo 1959 alilazimika kurudi katika kampuni ile ile iliyomfukuza, safari hii kama mwandishi wa kulipwa kwa ukurasa, bila jina lake kutajwa. Mhariri aliyemsimamia alikuwa Mort Weisinger.

Hapa historia ilikuwa na kejeli yake. Weisinger naye alianza maisha kama shabiki wa hadithi za kisayansi, na mnamo 1932 alikuwa miongoni mwa vijana waliotoa The Time Traveller, jarida la aina moja na la Siegel. Wote wawili walitoka katika ulimwengu ule ule wa stensili na stempu. Sasa mmoja alikuwa bosi, na mwingine, aliyembuni mhusika, alikuwa kibarua aliyepewa maagizo jinsi ya kumwandika.

Hata hivyo, baadhi ya hadithi bora za Superman ziliandikwa na Siegel wakati huo. Katika moja ya 1960, Superman anajikuta amerudi Krypton kabla ya kuangamia, akakutana na wazazi wake ambao hakuwahi kuwajua, na licha ya nguvu zake zote akashindwa kuwaokoa. Ni vigumu kuisoma bila ya kulikumbuka duka la nguo la Cleveland.

Katikati ya muongo huo, Siegel alijaribu tena kudai hakimiliki, akitegemea kwamba kipindi cha kwanza cha miaka 28 kilikuwa kikimalizika. Kazi yake katika kampuni ikaisha. Mahakama ilimkatalia mnamo 1973, na rufaa yake ikatupwa mnamo 1974.

WARAKA WA MWISHO

Kufikia 1975 Siegel alikuwa na umri wa miaka 60 na maradhi ya moyo. Aliishi Los Angeles, akifanya kazi ya karani mpiga chapa katika ofisi ya serikali ya jimbo kwa mshahara wa takriban dola 7,000 kwa mwaka. Shuster alikuwa New York, karibu kipofu, akitegemea ndugu zake.

Mwaka huo ilitangazwa kwamba filamu kubwa ya Superman ingetengenezwa, na kwamba mamilioni ya dola yangetumiwa. Siegel hakuweza kuvumilia zaidi. Aliketi mbele ya taipureta, kama alivyofanya miaka 43 iliyotangulia, akaandika waraka mrefu wa kueleza dhuluma aliyoona ametendewa na kuiapiza filamu hiyo. Kisha akautuma kwa posta kwa vyombo vya habari.

Mwanzoni palikuwa kimya. Baadaye gazeti moja likauchukua, kisha jingine, kisha vituo vya televisheni. Wachoraji maarufu Neal Adams na Jerry Robinson waliishika kesi hiyo kama yao, na chama cha wachora katuni kikawaunga mkono. Umma uliuliza iweje waliombuni shujaa wa wanyonge wawe wao wenyewe wanyonge.

Warner Communications, iliyokuwa ikimiliki DC Comics wakati huo, haikuwa na deni kwao kisheria. Lakini haikutaka aibu filamu yake ikiwa njiani. Desemba 1975 ilikubali kuwalipa wazee hao dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka maishani mwao, pamoja na bima ya matibabu.

Kulikuwa na sharti moja zaidi ambalo watetezi wao walilishikilia hadi mwisho: majina yarudishwe. Tangu wakati huo hadithi za Superman zimekuwa zikitaja kwamba aliumbwa na Jerry Siegel na Joe Shuster. Filamu ilipotolewa Desemba 1978, majina yao yalionekana kwenye skrini.

Shuster alifariki Julai 30, 1992. Siegel alimfuata Januari 28, 1996, mjini Los Angeles. Familia yake iliendelea na vita vya hakimiliki, ikapata ushindi wa sehemu mnamo 2008, lakini mnamo 2013 mahakama ya rufaa iliamua kwamba makubaliano ya 2001 kati yake na kampuni yalikuwa yameshaifunga. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani, hakimiliki ya hadithi ile ya kwanza inatarajiwa kukoma mwanzoni mwa 2034, na hapo haitakuwa ya mtu yeyote.

Wakati huo huo, karatasi zimepanda bei kuliko jasho lililozizaa. Mnamo 2012 hundi ile iliyokuwa na dola 130 za Superman iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Mnamo 2024 nakala moja ya Action Comics ya kwanza, iliyouzwa kwa senti 10, ilipata dola milioni 6.

Nyumba ya akina Siegel katika barabara ya Kimberly, mtaani Glenville, ilikarabatiwa mnamo 2009 kwa michango ya mashabiki, na sasa ina alama zinazomweleza mpita njia kilichotokea humo. Mashabiki hao ni wajukuu wa wale waliotuma sarafu chache kwa posta ili wapate jarida la mwanafunzi wasiyemjua.

Kwa vijana wanaotunga, kuchora na kuimba, maisha ya Siegel ni darasa. Asisubiri mtu ruhusa ya kuanza, kwani yeye alianza na mashine ya shule na stempu. Lakini siku mlango mkubwa utakapofunguliwa na kalamu kuwekwa mezani, asome kila mstari kabla ya kutia sahihi. Majuto ni mjukuu, na yale ya Siegel yalidumu miaka 58.